Maswali ya Mafundi: Panchi ngumu kuliko zote ndiyo iliyovunjika

Ndugu Mhariri,

Nina karakana ndogo Ngamiani, Barabara ya 12, hapa Tanga, ambako tunatengeneza vipande vya kufungia bodi za malori. Kazi yetu kubwa ni kutoboa matundu ya milimita 18 katika bamba la chuma cha kawaida lenye unene wa milimita 10, kwa presi ya gurudumu ya tani 40. Zamani tulichonga panchi zetu, yaani vyuma vya kutobolea, kwa ekseli kuukuu, nazo zilikuwa zikibonyea mdomoni. Nikashauriwa kununua D2, aina ya feleji, yaani chuma kigumu cha kutengenezea zana. Nikainunua, nikaichonga, nikaipeleka kuzimishwa, yaani kupashwa moto na kupozwa ili ikaze, na ilipopimwa ikatoa ugumu wa 61 kwa kipimo cha Rockwell C. Panchi ya kwanza ilimeguka ukingoni kabla ya kumaliza siku mbili. Ya pili ilikatika shingoni kabla ya adhuhuri. Muuzaji anasema mzimishaji ameiunguza, na mzimishaji anasema muuzaji ameniuzia feleji bandia. Nakuletea vipande vyenyewe. Kosa ni la nani?

Mwenye karakana, Ngamiani

JIBU: Vipande vyako vilinifikia vikiwa vimefungwa kwa katani, na nimekaa navyo mezani jioni mbili. Nilipopitisha tupa mpya juu ya panchi iliyokatika, tupa iliteleza bila kuacha hata alama, kwa hiyo ugumu unaoutaja upo kweli. Nikatazama uso wa mvunjiko kwa kioo cha kukuzia. Feleji iliyounguzwa tanurini huvunjika ikionyesha chembe kubwa zinazometameta kama sukari ya mezani. Yako ina uso wa kijivu, laini, wenye chembe ndogo sana, na uso wa namna hiyo ni ushahidi wa mzimishaji anayejua kazi yake. Naomba umtake radhi, na muuzaji pia, kwa sababu kwa ninavyoona amekupa kile ulichomwomba.

Tatizo ni kwamba uliomba ugumu, na kazi yako inahitaji ushupavu. Mafundi wengi huyachukulia mambo haya mawili kuwa ni kitu kimoja. Ugumu ni uwezo wa feleji kukataa kubonyezwa na kukwaruzwa, ilhali ushupavu ni uwezo wake wa kupokea pigo, kulimeza na kubaki nzima. Kioo ni kigumu kuliko chuma cha kawaida, lakini hakuna anayepigilia msumari kwa kioo. Katika feleji za kazi, kadiri unavyopandisha ugumu ndivyo, kwa kawaida, unavyopunguza ushupavu, na kwa hiyo fundi anayechagua feleji kwa kutazama namba ya Rockwell peke yake amesoma nusu ya karatasi.

D2 ina kaboni takriban asilimia 1.5 na kromiamu takriban asilimia 12. Kaboni hiyo yote haiwezi kuyeyuka ndani ya chuma, kwa hiyo sehemu yake hushikana na kromiamu na kufanya punje ngumu mno, zilizotapakaa ndani ya feleji kama kokoto ndani ya zege. Punje hizo ndizo zinazoifanya D2 isilike upesi, na kwa kukata mabati membamba maelfu kwa maelfu mimi mwenyewe ningeichagua. Lakini punje hizohizo huupa ufa njia ya mkato. Pigo zito linapofika, ufa hauna haja ya kuipasua feleji yote, kwani huruka kutoka punje moja hadi nyingine.

Sasa tazama pigo lenyewe lina uzito gani. Mzingo wa tundu lako ni karibu milimita 56.5. Ukiuzidisha kwa unene wa milimita 10 unapata milimita za mraba 565 za chuma kinachokatwa kwa mara moja, na kwa kuwa chuma cha kawaida huhitaji takriban nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba ili kikatike, panchi yako hubeba nyutoni zinazokaribia 200,000, yaani kama tani 20. Presi yako ina nguvu ya kutosha, na mgandamizo huo peke yake D2 inaumudu. Hatari iko baadaye. Panchi inapokuwa imeingia kiasi cha theluthi moja hivi ya unene wa bamba, chuma kilichobaki hupasuka ghafla, mzigo wa tani 20 hutoweka kufumba na kufumbua, na mwili wa presi uliokuwa umejivuta kidogo hujirudisha kwa mshtuko. Ule mshindo unaousikia hadi barabarani ndio huo. Katika mshtuko huo panchi, iliyokuwa ikigandamizwa, huvutwa na kutikiswa, na feleji ngumu huchukia kuvutwa kuliko kitu kingine chochote.

Kwa kazi za namna hii Wamarekani walitenga kundi zima la feleji na kulipa herufi S, kwa maana ya kuhimili mishtuko. Ndani yake wamo S1, S2, S5, S7 na wengine. Kinachowaunganisha ni kaboni ya wastani, inayozunguka nusu asilimia, hivyo ile kokoto niliyoitaja huwa chache na ndogo. Ninayokushauri wewe ni S7, yenye kaboni takriban asilimia 0.5, kromiamu 3.25 na molibdenamu 1.4. Mzimishaji wako aipashe kwanza taratibu hadi nyuzi za Selsiasi 650 mpaka 700 ili joto lienee hadi moyoni, kisha aipandishe hadi kati ya 940 na 955. Kwa unene wa panchi zako haihitaji mafuta wala maji, kwani hupoa na kukaza katika hewa tulivu, jambo linalopunguza sana kupinda na kupasuka. Ikishafika joto ambalo mkono unaweza kulivumilia, nyuzi 50 au 60, irudishwe motoni mara moja kwa ajili ya kutulizwa, yaani kupashwa moto mdogo unaoondoa mkazo wa kuzimishwa. Isingoje hadi kesho yake. Ikitulizwa kwa nyuzi 200 mpaka 230 kwa muda usiopungua saa mbili, ikapoa kabisa, kisha ikarudiwa tena, utapata ugumu wa 56 hadi 58. Utaona umepoteza namba tatu hadi tano, na mdomo wa panchi utalika mapema kidogo kuliko ule wa D2. Panchi iliyolika hunolewa ikarudi kazini, ila iliyokatika shingoni haina dawa.

Hata hivyo, ningekuwa nimekudanganya kama ningekuachia uamini kwamba feleji mpya itamaliza kila kitu. Katika kipande kilichokatika, mistari ya mvunjiko inatawanyika kama vijiti vya kipepeo cha kujipepea, na yote inaanzia mahali pamoja: pale kichwa cha panchi kinapokutana na shingo. Kona hiyo umeichonga kali, pembe mraba kamili, na alama za kisu cha mashine bado zinaonekana zikizunguka shingo kama miviringo ya uzi. Kila mchirizi wa namna hiyo ni mlango wa ufa. Kona hiyo uipe mviringo wa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2 au 3, kisha uisugue kwa msasa laini, ukimalizia kwa kufuata urefu wa panchi, si kuizunguka, hadi ing’ae. Kazi hiyo haifiki dakika kumi na haigharimu chochote. Ninaamini, baada ya kuona panchi nyingi zilizokufa namna hii, kwamba inaweza kuongeza maisha ya panchi kuliko tofauti ya bei kati ya feleji mbili.

La pili ni nafasi kati ya panchi na dai, yaani kile kipande chenye tundu kinachoipokea panchi chini ya bamba. Ubavuni mwa panchi iliyomeguka kuna mikwaruzo inayong’aa, na chuma cha bamba kimejibandika hapo. Nilipompigia kijana aliyeleta vipande akaniambia tundu la dai ni milimita 18.4, maana yake nafasi ni milimita 0.2 tu kila upande. Kwa bamba la milimita 10 nafasi hiyo ni finyu mno. Ifanye iwe milimita 0.7 au 0.8 kila upande, yaani dai ya kati ya 19.4 na 19.6. Panchi itaingia na kutoka bila kung’ang’aniwa. Na kabla ya kuibana kwenye presi, ishushe kwa mkono ndani ya dai uhakikishe mwanga unaonekana sawasawa pande zote, kwa sababu panchi iliyoegemea upande mmoja huvunjika hata iwe ya feleji gani.

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama mwenye karakana ya kufua mashoka na nyundo, Muheza. Wauzaji wananitajia majina mengi: S1, S5, S7, H13, na mengine ni namba tupu zinazoanza na 1 na nukta. Bei zinatofautiana sana. Ningependa kujua ipi inifae kwa tindo za kukatia chuma cha baridi, ipi inifae kwa kile kipenyezo tunachotobolea jicho la shoka likiwa jekundu, na nitajuaje kwamba sikuuziwa kitu kingine.

Mama wa Muheza

JIBU: Mama, swali lako lina kazi mbili zisizofanana, na nimefurahi kwamba umezitenganisha, kwa kuwa wengi hununua mtaimbo mmoja wa feleji na kuutumia kwa yote.

Kwa tindo za baridi, S5 inatosha na mara nyingi huwa nafuu. Nguvu yake inatokana na silikoni, takriban asilimia 2, ambayo huiwezesha feleji kutulizwa kwa moto mkubwa zaidi bila kulegea upesi. Huzimishwa katika mafuta. S1 hutegemea tangsteni, nayo ni nzuri mahali ambapo tindo inapaswa kubaki na makali kwa muda mrefu. Zote mbili zitakufaa, na ningeangalia zaidi ipi mzimishaji wako ameizoea.

Kipenyezo cha jicho la shoka ni habari nyingine kabisa. Hapo adui ni pigo likiambatana na joto. Feleji iliyotulizwa kwa nyuzi 200, ikikaa ndani ya chuma chekundu, hupashwa kupita joto lililoituliza, ikalegea na kuvimba kwenye ncha, hata kama ilitoka dukani ikiwa bora. S7 inaweza kutumika hapo kwa sharti kwamba itulizwe kwa nyuzi kama 540, ambapo ugumu wake utashuka hadi karibu 51 lakini hautaendelea kushuka kwa kila shoka. Kama kazi ni ya siku nzima na kipenyezo hakipati muda wa kupoa, nenda kwenye H13, yenye kromiamu asilimia 5 pamoja na molibdenamu na vanadiamu, ambayo iliundwa kwa ajili ya kukaa karibu na moto. Waagize vijana wako wakipige mapigo matatu au manne, wakichomoe, wakipoze kidogo ndipo wakirudishe. Kipenyezo kikiachwa ndani ya jicho huku watu wakitafuta koleo, kitaharibika hata kama ni H13.

Kuhusu namba, zile zinazoanza na 1 na nukta ni za Kijerumani. Ukiambiwa 1.2357, hiyo ni jamaa ya S7. Ile 1.2550 iko karibu na S1. Ukiambiwa 1.2379, au SKD11 kwa majina ya Kijapani, ujue unauziwa D2, ile iliyomtesa ndugu yetu wa Ngamiani. Iandike namba hiyo ukutani karakanani kwako, kwa maana wako wauzaji wanaoiita kwa nia njema “feleji ngumu ya panchi” bila kuuliza panchi itapiga nini.

Mtake muuzaji akupe cheti cha kiwanda chenye namba ya mkupuo wa uyeyushaji, na uhakikishe namba hiyohiyo imegongwa au imeandikwa kwenye mtaimbo. Ukikata kipande, anza kukata upande usio na namba ili mtaimbo ubaki na jina lake hadi mwisho. Mahali pasipo na cheti, cheche za grenda zinaweza kukusaidia kidogo: D2 hutoa cheche chache, fupi, zenye rangi ya machungwa iliyofifia, wakati springi ya gari hutoa cheche ndefu zinazopasukapasuka kama nyota. Kwa njia hiyo utamtambua mgeni aliye mbali na kundi, lakini hutaweza kutenganisha S5 na S7, na mtu anayekuambia anaweza kuzitenganisha kwa jicho usimwamini.

Ndugu Mhariri,

Ninatunza mitambo katika shamba la mkonge, wilaya ya Pangani. Baada ya kusikia sifa za S7, je, nivitengeneze kwa feleji hiyo visu vya ngoma ya korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, ili vidumu?

Fundi mitambo, Pangani

JIBU: Hapana, na nakusihi usitumie fedha ya shamba kwa jambo hilo. Visu vya korona havikati, hupiga na kukwangua jani la mkonge hadi nyuzi zibaki, na katika kazi hiyo vinaliwa na mambo mawili: msuguano wa siku nzima na maji ya jani, ambayo yana asidi na hula chuma. S7 ina kromiamu kidogo mno kuzuia kutu. Ushupavu wake ungekuwa sifa isiyo na kazi, huku uso wake ukiliwa mbele ya macho yako. Mahali ambapo feleji za kundi S zingekufaa shambani ni kwenye zana za karakana yako: tindo, panchi za kutolea pini na visu vya kukatia nondo.

Shikamoo fundi,

Mimi ni kijana ninayejifunza kazi Pongwe. Ninatengeneza tindo za kuchongea mawe ya chokaa kwa springi za malori. Ninaipasha hadi iwe nyekundu, naizimisha kwenye ndoo ya maji, naisaga makali. Nyingi zinavunjika ncha siku ya kwanza, na nyingine zinapasuka humohumo ndani ya ndoo. Sina uwezo wa kununua feleji hizo za dukani. Nifanyeje?

Kijana wa Pongwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huna haja ya kununua feleji ya dukani, kwa sababu springi uliyonayo si chuma duni hata kidogo. Springi nyingi za malori zina kaboni karibu asilimia 0.6, na zile zenye silikoni nyingi ni ndugu wa karibu sana wa S5. Umeokota kitu kizuri, ila unakitendea vibaya.

Kwanza, chagua kipande. Usichukue sehemu ya katikati yenye tundu la bolti, wala palipo na alama za kusuguana kwa majani ya springi, kwa kuwa springi iliyobeba mizigo miaka mingi huwa na nyufa ambazo jicho halizioni. Pili, tupa ndoo ya maji. Maji hupoza springi kwa ukali kuliko inavyoweza kuvumilia, na zile zinazopasuka ndooni zimekufa kwa sababu hiyo. Tumia mafuta, hata ya kupikia, katika chombo cha chuma chenye kifuniko, mbali na majani makavu, na uyapashe kidogo kabla ya kazi. Tatu, usikisie wekundu chini ya jua la saa saba. Fanya kazi kivulini, uwe na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye waya. Sumaku ikiacha kuinasa ncha, ongeza moto kidogo tu hadi wekundu uanze kuelekea machungwa, kisha zamisha sentimita nne au tano za ncha, ukiisogeza juu na chini ili mpaka kati ya sehemu ngumu na laini usiwe mstari mkali.

Halafu kuna hatua ambayo umeiruka kabisa, nayo ndiyo inayovunja tindo zako: kuituliza. Mara ncha inapopoa isugue kwa msasa hadi ing’ae, kisha ipashe polepole kutokea upande wa kichwa. Utaona rangi zikitembea juu ya chuma kuelekea ncha: kwanza manjano ya majani makavu, kwenye nyuzi kama 225, kisha kahawia, kisha zambarau karibu na 280, kisha buluu karibu na 300. Zambarau ikifika kwenye makali, izamishe isimame hapo. Nimeitazama rangi hiyo ikitembea kwa zaidi ya miaka thelathini na bado huacha kila kitu nikaiangalia. Unaposaga makali baadaye, chovya kwenye maji kila mara. Ukiona buluu imetokea kwenye grenda, ujue umeyafuta yote uliyofanya na inakubidi uanze upya.

Nimalizie kwa kichwa cha tindo, ambacho hukukitaja. Kichwa hakizimishwi. Kinaachwa laini ili kipokee nyundo bila kurusha vibanzi, na kikianza kuchanua kama uyoga lazima kisagwe mara moja. Nilipokuwa mwanagenzi, mwenzangu wa benchi alikuwa na tindo iliyochanua hivyo, na sote tuliiona kila siku tukaizoea. Kibanzi kisichozidi punje ya mchele kiliruka kutoka kichwani kikamwingia jicho la kushoto, na jicho hilo halikurudi. Miwani ya kinga haikuwepo karakanani siku ile, ingawa haikuwa kitu cha bei. Nunua yako kabla ya kuwasha moto wa kufulia chuma kesho, na tindo ya kwanza utakayoitengeneza kwa njia hii niletee niitazame makali yake.